Haki ya Nyuki kwa Mwenye Kurina Asali

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, asali ni katika vitu vichache ambavyo hakuna msikiti usiokuwa na habari zake. Sote tumewahi kusikia hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.), ya mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) kumlalamikia tumbo la ndugu yake, akaamrishwa amnyweshe asali, akarudi tena na tena mpaka mgonjwa akapona. Darasa zetu husimulia ponyo, na chupa za asali huuzwa milangoni mwa misikiti kwa jina la tiba ya Sunna. Yote hayo ni kheri.

Lakini kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa: asali hiyo imetolewa vipi kwa wenyewe? Aliyeirina aliwaachia nyuki nini? Aliwafukiza moshi kisha akawaacha hai, au aliwachoma kwa mwenge wakafa kwa maelfu, na watoto wao wakamwagwa chini ya mti? Mafakihi wetu wa zamani walilijua swali hili na wakaliandikia hukumu. Katika makala haya tunakusudia kuangalia namna watu wa mataifa mbalimbali wanavyoichuma asali, kisha tuyapime matendo yao, na yetu, kwa yale waliyoyasema wanachuoni.

Nyumba tatu

Katika Surat An-Nahl, aya ya 68 na 69, Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa alimfunulia nyuki ajifanyie nyumba katika majabali, na katika miti, na katika yale wanayoyajenga watu. Kisha akamwamrisha ale katika kila matunda na azifuate njia za Mola wake zilizofanywa nyepesi. Baada ya hapo ndipo linapotajwa lile tunalolihifadhi sote, kwamba hutoka matumboni mwao kinywaji chenye rangi mbalimbali, ndani yake mna ponyo kwa watu.

Hebu tuuzingatie mpangilio huu. Nyumba ya nyuki imetajwa kwanza, chakula chake kikafuata, na ponyo ya mwanadamu ikaja mwisho. Hatusemi kuwa mpangilio wa maneno peke yake ni dalili ya hukumu. Tunasema kuwa mwenye kuzingatia ataona ya kwamba fungu letu limejengwa juu ya nyumba yake na chakula chake. Mwenye kuvunja nyumba na kumaliza chakula amekata mzizi wa kile anachokitafuta.

Na tujue asali ni nini kwa nyuki mwenyewe. Ni akiba yake ya wakati ambapo hakuna maua. Nyuki mtenda kazi mmoja, ambaye katika msimu wa kazi huishi wiki sita hivi, hukusanya katika umri wake wote asali isiyofika hata sehemu ya kumi ya kijiko cha chai. Kwa hiyo kijiko kimoja tunachokilamba asubuhi ni kazi ya maisha ya nyuki zaidi ya kumi.

Nyumba ya majabali

Mwanadamu ameanza kumfuata nyuki majabalini tangu zama za kale mno. Katika mapango ya Araña, karibu na Bicorp katika jimbo la Valencia nchini Hispania, kuna mchoro wa maelfu ya miaka unaomwonyesha mtu amening'inia kwenye kamba, chombo mkononi, na nyuki wakimzunguka.

Kazi hiyo haijakoma. Nchini Nepal, katika milima ya Himalaya, watu wa kabila la Gurung huteremka magenge marefu kwa ngazi za kamba ili kuchuma asali ya nyuki wa majabali, ambaye ndiye mkubwa kuliko nyuki wote wa asali. Urefu wake hukaribia sentimita 3. Nyuki huyu hakai katika tundu. Hujenga sega moja kubwa lililo wazi, likining'inia chini ya mwamba. Chini ya genge huwashwa majani mabichi ili moshi upande, na mtu aliye juu ya ngazi hulikata sega kwa fito ndefu, huku kapu likishushwa kwa kamba. Ni kazi ya ushujaa. Lakini msomaji aone tatizo lake: nyumba yote ni sega moja, na ndani ya sega hilo mna asali pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki. Anayelikata lote ameondoka na akiba, watoto na nyumba kwa pamoja.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo, nayo tunaiona kwa ndugu zetu wa Oman. Huko kuna nyuki mdogo wa porini ambaye wenyeji humwita Abu Tuwaiq. Naye pia hujenga sega moja lililo wazi, kwenye tawi au katika pango lenye kivuli. Warinaji wa Oman hukata sehemu ya juu, ambayo ndiyo yenye asali, kisha ile sehemu ya chini yenye majana huibana kwa kijiti kilichopasuliwa katikati, wakaiweka tena mahali penye kivuli. Nyuki hurudi juu ya watoto wao, hushika sega upya, na baada ya muda huwa na asali nyingine. Mwenye kisu amegawa sega mafungu mawili, moja lake na moja la nyuki, na hakuna aliyedhulumiwa.

Nyumba ya miti

Tukitoka majabalini tukaingia msituni, tunawakuta Wabashkiri, taifa la Waislamu wanaoishi katika milima ya Ural nchini Urusi. Tangu zamani wao huchonga tundu ndani ya msonobari mkubwa ulio hai, mita kadhaa juu ya ardhi, nyuki wakaja kukaa wenyewe. Mrinaji hupanda kwa mkanda wa ngozi uliosukwa, unaomzunguka yeye na shina la mti. Juu ya shina huchongwa alama ya ukoo, iitwayo tamga, ili kila apitaye ajue kuwa mti huo una mwenyewe, na mti hurithiwa na baba kwa mwana. Asali huvunwa mara moja tu kwa mwaka, na sehemu yake huachwa, kwani baridi ya huko huchukua miezi mingi na nyuki wasio na akiba hawaioni tena jua la kiangazi. Mwaka 1986 palianzishwa hifadhi ya Shulgan-Tash ambayo hulinda nyuki wa nchi hiyo pamoja na ufundi huu wa kale.

Katika msitu wa mikoko wa Sundarbans, ulio mpakani mwa Bangladesh na India, asali hutafutwa kwa roho mkononi. Msimu huanza mwezi wa Aprili. Warinaji, na wengi wao upande wa Bangladesh ni Waislamu, hukata kibali kwa idara ya misitu, wakaingia kwa mashua katika nchi ya chui milia, na kila mwaka familia zao hukaa na hofu mpaka warudi. Hufunga majani makavu ndani ya majani mabichi yakatoa moshi mzito, nyuki wakaondoka juu ya sega, na mkataji akachukua upande wenye asali. Wenye ujuzi huuacha upande wa majana ili kundi lipate kujenga tena.

Karibu nasi zaidi, kaskazini mwa Msumbiji katika eneo la Niassa, Wayao, ambao wengi wao ni Waislamu, humfuata ndege aitwaye mlembe. Ndege huyu anakijua kiota cha nyuki lakini hawezi kukifungua, na mwanadamu anaweza kukifungua lakini hajui kilipo. Myao hutoa sauti ya ulimi unaotetemeka ikifuatiwa na mguno, na mlembe akija humwongoza mti kwa mti. Watafiti walioipima sauti hiyo walitangaza mwaka 2016 kuwa uwezekano wa kuongozwa na ndege hupanda kutoka asilimia 33 hadi asilimia 66 kwa yule aitoaye. Na mwaka 2023 ikatangazwa kuwa mlembe wa Niassa huitikia zaidi sauti ya Wayao, wakati mlembe wa nchi ya Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe. Kila ndege amejifunza lugha ya jirani yake.

Asali ikishapatikana, Wayao humwekea mlembe nta juu ya majani, kwani nta ndiyo chakula chake. Wahadzabe mara nyingi huificha au huichoma, wakiona kuwa ndege mwenye njaa ataongoza tena. Sisi hatuwahukumu watu kwa desturi zao. Lakini Mwislamu aliyefunzwa na Mtume wake (s.a.w.) ampe mfanyakazi ujira kabla jasho halijamkauka, anajua ni desturi ipi kati ya hizo mbili iliyo karibu na tabia yake.

Nyumba waijengayo watu

Nyumba ya tatu ni mzinga. Katika hekalu la jua la mfalme Niuserre, lililoko Abu Ghurab nchini Misri na lililojengwa zaidi ya miaka 4400 iliyopita, kuna michoro inayoonyesha mtu akiwa mbele ya mizinga iliyolazwa, na asali ikimiminwa na kufungwa katika vyombo. Mizinga ya udongo iliyo mirefu kama bomba, iliyopangwa safu juu ya safu mpaka ikawa ukuta, ilidumu nchini humo kwa maelfu ya miaka. Upande mmoja nyuki huingia, na upande wa pili mfugaji hufungua kifuniko, akafukiza moshi kidogo, na kuchukua masega ya nyuma bila kuyagusa ya mbele ambako majana hulelewa.

Yemen nayo inajulikana kwa asali ya mkunazi, na hasa ile ya Wadi Do'an katika Hadhramaut, bonde ambalo ukoo wa wengi katika masharifu na mashekhe wa mwambao wetu umetokea. Mkunazi ni mti tunaoujua sote, kwa kuwa majani yake hutumika kuoshea maiti. Wafugaji wa Yemen hulifuata ua kutoka bonde hadi bonde, wakiwahamisha nyuki usiku wanapokuwa ndani ya mizinga. Vita vilivyoanza huko mwaka 2014 viliwafungia wengi njia za kuhama, na kazi ya karne nyingi ikaingia katika dhiki.

Nchi za Ulaya pia zina funzo. Huko walifuga nyuki katika makapu ya majani makavu yasiyofunguka. Msimu ulipokwisha, mfugaji aliteua makapu yake, akayaweka juu ya shimo lenye salfa inayowaka, na nyuki wote wakafa ndipo asali ikatolewa. Jambo hilo lilifanyika kwa karne nyingi, mpaka zilipoenea njia za mizinga inayofunguka. Mwaka 1851 Mmarekani aitwaye Langstroth aligundua kuwa ukiacha nafasi maalumu kati ya fremu na fremu, nyuki hawaigandishi kwa nta, na hivyo kila sega linaweza kutolewa na kurudishwa bila kumuua nyuki. Watu walidhani kuwa kuua ni lazima, kumbe ilikuwa ni upungufu wa ujuzi.

Katika Afrika ya Mashariki tuna mzinga wa gogo na mzinga wa magome, unaotundikwa juu ya mti mrefu. Ni ufundi wa kuheshimiwa. Wakamba wa Kenya huchora alama ya ukoo juu ya mizinga yao, sawa na Wabashkiri wasiowajua. Lakini mzinga wa magome huua mti uliobanduliwa gome lake, na mti huo ndio uliokuwa ukitoa maua. Na kwa baadhi ya warinaji wa porini bado uko mtindo wa kwenda usiku na mwenge wa moto, kuukata mti, kuchoma kundi na kuondoka na kila kitu. Hapo ndipo fiqhi inapotuhusu.

Asali ya porini ni ya nani?

Nyuki wa porini asili yake ni mubaha, hana mwenyewe mpaka atiwe mkononi. Aliyetundika mzinga nyuki wakaingia, amewamiliki. Kwa hiyo mzinga uliotundikwa msituni bila mlinzi ni mali ya mtu, na alama iliyo juu yake ni ushahidi. Kuurina ni kula mali ya watu kwa batili, hata kama mti wenyewe ni wa msitu wa serikali. Ama asali iliyotengenezwa na nyuki katika shamba la mtu bila yeye kuweka mzinga, al-Marghinani (aliyefariki 593 H) ameeleza katika al-Hidaya kuwa kwa madhehebu ya Hanafi ni ya mwenye shamba, kwa sababu inahesabiwa kuwa katika mazao ya ardhi yake, mfano wa mti uliojiotea. Ametofautisha baina yake na kinda la ndege, ambalo ni la atakayelichukua.

Wanachuoni pia wamekhitilafiana kuhusu kumuuza nyuki mwenyewe. Abu Hanifa hakujuzisha, na Muhammad bin al-Hasan akajuzisha anapokuwa amehifadhiwa mahali, nayo ndiyo kauli ya Shafii. Leo ambapo makundi ya nyuki huuzwa pamoja na mizinga yake, kauli hii ya pili ndiyo inayowasahilishia watu.

Bonde la Salaba

Kuna kisa kilichopokewa na Abu Daud na Nasai ambacho kila anayezungumzia asali anapaswa kukijua. Mtu aitwaye Hilal, wa Banu Mut'an, alimletea Mtume (s.a.w.) ushuru wa asali yake, yaani sehemu ya kumi, akamwomba amhifadhie bonde liitwalo Salaba. Mtume (s.a.w.) akamhifadhia. Zama za Umar bin al-Khattab (r.a.), gavana wake aliandika kuuliza juu ya bonde hilo. Umar akajibu kuwa akiendelea kutoa alichokuwa akimtolea Mtume (s.a.w.) basi alindiwe bonde lake, na asipotoa, hao ni nzi wa mvua tu, ala asali yao atakaye.

Kwa kisa hiki na mfano wake, Abu Hanifa na Ahmad wamesema asali ina zaka ya sehemu ya kumi. Abu Hanifa hakuweka nisabu, na Ahmad ameweka nisabu ya faraq 10, ambazo ni sawa na pishi (sa'a) 30. Malik na Shafii wamesema haina zaka, kwa kuwa hadithi zilizotaja zaka ya asali waziwazi zina udhaifu, na Tirmidhi mwenyewe amebainisha kuwa hakuna mengi yaliyosihi katika mlango huu. Wakaona kuwa alichotoa Hilal kilikuwa ni badali ya kulindiwa bonde. Kwa watu wa mwambao walio wengi, ambao ni Mashafii, asali haina zaka kwa dhati yake. Ama mwenye kuifanyia biashara, atatoa zaka ya biashara.

Lakini tusiishie kwenye khilafu hiyo tukaliacha lililo wazi mbele yetu. Kauli zote mbili zinathibitisha kuwa Mtume (s.a.w.) alilihifadhi bonde la nyuki. Palipokuwa na maua na nyuki pamewekewa himaya, na mwenye kunufaika akatoa. Wale wanaoona kuwa kulinda misitu ya nyuki ni jambo la wazungu au la serikali wasome tena khabari za Salaba.

Kuua na kuchoma moto

Imepokewa na Abu Daud na wengineo kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kuua wanyama wanne: chungu (sisimizi), nyuki, hudhud na ndege aitwaye surad. Vilevile imepokewa na Abu Daud kuwa alipowaona masahaba wamechoma kijiji cha chungu, alisema kuwa haipasi kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto. Basi mwenye kuwachoma nyuki kwa mwenge ameyakusanya makatazo mawili.

Naye Abubakar (r.a.), alipolituma jeshi kwenda Sham chini ya Yazid bin Abi Sufyan, alimpa wasia mashuhuri uliomo katika Muwatta ya Imam Malik. Katika wasia huo amekataza wasichome nyuki wala wasiwatawanye. Wako waliolisoma neno hilo kwa nukta juu yake, likawa ni mitende badala ya nyuki, kwani kwa Kiarabu nahl na nakhl hutofautiana kwa nukta moja. Lakini Ibn Qudama (aliyefariki 620 H) ameitegemea riwaya ya nyuki katika al-Mughni, akaeleza kuwa kuwazamisha majini nyuki wa adui na kuwachoma hakujuzu kwa kauli ya wanachuoni wengi, na kwamba Abu Hanifa amejuzisha kwa kuwa humdhoofisha adui. Tazama ewe ndugu: khilafu yao ilikuwa juu ya nyuki wa adui wakati wa vita. Basi tuna hoja gani sisi ya kuwachoma nyuki wa msitu wetu wakati wa amani?

Ama moshi, haumo katika hayo. Moshi mdogo wa majani hufunika harufu ya hatari wanayopashana nyuki, na huwafanya wakimbilie kujaza asali matumboni, hivyo wakatulia. Si adhabu, bali hupunguza vifo kwa pande zote mbili. Sharti lake ni uwe moshi na si ndimi za moto.

Fungu la nyuki

Sasa tunafika kwenye lile swali tuliloanza nalo. Ibn Qudama, baada ya kusema kuwa kuchukua asali ya adui ni halali, anauliza: je, inajuzu kuchukua sega lote bila kuwaachia nyuki chochote? Akataja riwaya mbili katika madhehebu ya Imam Ahmad. Ya kwanza ni kuwa haijuzu, kwa sababu kufanya hivyo ni kuwaangamiza. Ya pili ni kuwa inajuzu, kwa sababu asali ni halali na kuangamia kwao si jambo lililokusudiwa.

Imam Nawawi (aliyefariki 676 H) naye, katika Rawdat at-Talibin, ameiweka mas'ala hii mahali pake hasa, nako ni katika mlango wa nafaka, pale inapoelezwa wajibu wa mtu kwa wanyama anaowamiliki. Anasema nyuki huachiwa kitu katika asali iliyomo mzingani. Ikiwa ni majira ya baridi na kutoka kwao ni kwa shida, kinachobaki kiwe zaidi. Na mwenye mzinga akiwawekea chakula kingine cha kusimama badala ya asali, basi si lazima kuacha asali yenyewe. Akataja hata kauli ya kuwa kuku huchomwa akatundikwa mlangoni mwa mzinga nyuki wakamla.

Msomaji atakuwa ameona. Mbashkiri anayeacha akiba kwa ajili ya baridi ya Ural anatenda yaleyale yaliyoandikwa na Nawawi huko Sham zaidi ya miaka 700 iliyopita. Mfugaji wa leo anayewapa nyuki maji ya sukari baada ya mavuno anatumia rukhsa ileile ya badali. Na lililo kubwa zaidi ni mahali ilipowekwa mas'ala yenyewe. Nafaka ni haki, na mwenye kuizuia anaulizwa. Nyuki wa mzingani ni kiumbe aliye chini ya mkono wetu, kama ng'ombe na punda, wala udogo wake haumtoi katika haki hiyo.

Yatupasayo

Kwa hiyo tunawausia ndugu zetu maimamu na walimu mambo manne.

Kwanza, darasa ya asali isiishie kwenye ponyo. Aelezwe mrinaji kuwa aache sehemu ya majana na sehemu ya akiba, na kwamba mwenge wa moto si halali kwake ilhali moshi unatosha.

Pili, mnunuzi aulize. Anayenunua asali kwa nia ya tiba ya Qur'ani ana haki ya kujua imerinwaje, na pesa yake ndiyo inayompa nguvu mrinaji mwema au mharibifu. Mkiwa na waumini wanaorina au wanaouza, waunganisheni na mafundi wa mizinga inayofunguka.

Tatu, tujiepushe na ghishi. Kuchanganya asali na maji ya sukari kisha ikauzwa kwa jina la tiba ya Mtume (s.a.w.) ni dhambi mbili, kumlaghai mnunuzi na kumzulia Mtume. Imepokewa na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, akajitenga na mwenye kughushi.

Nne, miti. Misikiti na madrasa nyingi zina ardhi za wakfu. Mkunazi, mwembe na mkorosho hutoa kivuli, matunda na maua, na mizinga michache chini yake inaweza kuwa sadaka yenye kuendelea.

Tunamalizia kwa mfano uliopokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Abdullah bin Amr (r.a.). Mtume (s.a.w.) amemfananisha muumini na nyuki: hula kilicho kizuri, hutoa kilicho kizuri, na akitua juu ya kijiti hakivunji wala hakiharibu. Wahenga wetu nao walisema, fuata nyuki ule asali. Sisi tunasema tumfuate kwanza katika tabia yake hiyo, ili mkono wetu unapoingia mzingani utoke na asali, na mzinga ubaki na watu wake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kheri, na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.